Mpinzani Tumboni

Mimi wivu siujui. Mama aliposhika mimba nikiwa na miaka kumi na minane, mimi kitinda mimba wake mwenye ndevu tatu, nilicheka kuliko wote nyumbani. Leo hata nilijitolea kumsindikiza kliniki.

Mkunga alimpaka jeli ya baridi tumboni, akapitisha kile kimashine cha kusikilizia. Mara chumba kikajaa mdundo, du-du-du-du, kama mtu anayewahi chakula.

"Mia moja arobaini na nane kwa dakika," mkunga akasema, macho kwenye saa. "Huyu ana haraka zake!"

Mama akauachia mkono wangu. Akalikumbatia tumbo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

"Kitinda mimba wangu," akanong'ona.

Hilo lilikuwa jina langu.

Wakatoka kwenda kupima uzito. Kimashine kikabaki kitandani, bado kinawaka. Nikafungua vifungo vya shati, nikajipaka jeli, nikakibana kifuani huku nikiitazama saa ya ukutani.

Sabini na mbili tu! Nikaruka pale pale mara ishirini, nikapima tena.

"Mia na kumi," nikatangaza kwa sauti, nahema, jeli inanichuruzika hadi kitovuni. Nikakunja magoti niruke tena.

"Bado thelathini na nane, kitinda mimba."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi.