Picha ya Dobi

"Hii iondoeni," alisema mwenyekiti wa majaji, na kabla mtu hajaishika akaigeuza mwenyewe, ikatazama ukuta.

Wenzake wakaangaliana. Ilikuwa picha ya dobi: bibi mzee aliyeinamia beseni, povu limempanda hadi kwenye viwiko, macho yamemkazia anayemtazama. Ilichorwa na binti mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, na tangu asubuhi hapakuwa na jaji aliyeipita bila kusimama.

"Ina kasoro gani?" aliuliza mchongaji, jaji mwanamke pekee.

"Mikono. Mikubwa mno."

"Sasa mtu anayefua kutwa, ulitaka awe na mikono ya bibi harusi?"

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Walijua kinachomsumbua, au walidhani wanajua. Tuzo hii ya taifa ilipoanzishwa, mshindi wa kwanza alikuwa yeye, kwa picha ya marehemu mama yake: mwalimu mkuu, mkufu wa lulu shingoni, kitabu mapajani. Picha hiyo ilikuwa hata kwenye stempu. Wanafunzi walioletwa kusimuliwa historia ya tuzo walianzia kwa mama huyo, na kila mara mwenyekiti aliombwa aseme machache juu yake. Alisema machache kweli, kisha akapata udhuru wa kuondoka.

"Mzee wetu anaogopa kufunikwa na mtoto wa juzi," mchongaji akatania.

Wakacheka. Uso wa mwenyekiti ukamshuka. Alitazama sakafu mpaka kicheko kikaisha, na hakutetea tena hoja yake.

Kura zilipopigwa, dobi alishinda. Aliyekataa alikuwa mmoja tu.

Siku ya kukabidhi tuzo ukumbi ulijaa pomoni. Binti alipanda jukwaani akiwa amemshika mkono bibi, ambaye alitembea kwa tahadhari ndani ya viatu vya kuazima.

"Huyu ni jirani yangu," binti alisema kwenye kipaza sauti. "Anaishi peke yake. Nilimbembeleza sana kabla hajakubali nimchore. Alisema sura yake itawaaibisha watu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwenyekiti alimpa binti tuzo yake bila kuinua macho, akageuka ashuke ngazi.

"Mzee, na bibi pia!" wapiga picha wakamwita. "Mpe mkono bibi!"

Ikabidi arudi. Alinyoosha mkono uliolowa jasho.

"Hongera, mama," alisema.

Bibi aliupokea mkono kwa viganja vyote viwili. Kamera zikamulika. Akamvuta karibu, kama wazee wanavyofanya wanapotoa baraka, akamnong'oneza sikioni:

"Usiogope, Kibonge wangu. Wakiniuliza, nawaambia sikuzaa."