Mgeni wa Lori la Iringa

"Mama Hulda alihama," Anania alimwambia yule mgeni huku akimmiminia chai. "Siku nyingi."

Mgeni alikuwa ameshuka kwenye lori la kutoka Iringa, kavaa koti la jeshi lililopauka mabegani. Kikombe hakukigusa.

"Hakuacha neno lolote?"

"Hakuacha."

Hoteli ya Hulda ilikuwa nyuma ya ghala la ngano, pale pale Makambako, na moshi wa jiko lake ulikuwa ukipanda wakati huo huo. Lakini Anania alikuwa amesoma kozi ya biashara, na mwalimu aliwaambia: mteja akishaingia kwako, usimwonyeshe mlango wa mwenzako. Mafunzo yale yalimfaa. Alihamishia hoteli yake yanaposimama malori, akaweka mabenchi yenye egemeo, na Hulda akabaki na wapita njia wachache.

Dereva akapiga honi. Mgeni aliinuka, akasema labda atajaribu kazi migodini Chunya, akapanda tena lori. Chai aliiacha inafuka.

Anania aliimwaga, lakini sura ya yule mtu haikumtoka. Kumshinda mjane kwa mabenchi hakukuwa kumemsumbua. Kumzushia uongo kulimkaa rohoni. Jumapili watu walipokwenda mezani pa Bwana, yeye alibaki kitini. Baada ya ibada akaenda kwa Hulda kumwomba radhi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Afadhali umekuja, nilitaka kukuita." Hulda akamsogezea kigoda. "Nafunga hoteli. Sufuria na birika uchukue wewe. Na wateja wangu nitawaambia waje kwako."

Masikio ya Anania yaliwaka moto. "Mama, ni mimi niliyekuharibia. Nimekukosea."

"Wewe?" Hulda akacheka. "Chai hii haikunilisha hata kabla hujaja. Nilikaa hapa kwa ajili ya mwanangu Kefa. Alipokwenda vitani nilimwambia, ukirudi utanikuta Makambako, nauza chai. Sasa mchungaji kapata habari kwamba askari wameruhusiwa kurudi makwao, na wiki hii yuko njiani. Akifika tunarudi kwetu Ipelele, tukalime."

Anania aligeuka, akaitazama barabara iendayo Chunya.

Hulda aliinama kuchochea moto.

"Akishukia kwako kwanza, baba, mwelekeze huku."