Doa la Namba Mbili

Wiki ya tatu ya kampeni ilikwisha, na Wuryani alikuwa bado hana doa hata moja la kumpaka Namba Mbili.

Si kwamba alikuwa mzembe. Miaka mitano alikuwa msemaji wa Pak Hardoyo, mkuu wa Wilaya ya Tirtawangi na sasa mgombea Namba Moja, na kazi ya kuchimbua aibu za wapinzani aliijua kuliko alivyomjua mumewe. Lakini Namba Mbili alikuwa hachimbuliki. Hakuwa na kesi mahakamani. Hakuwa na kiwanja cha dhuluma wala nyumba ndogo, wala shemeji aliyepewa tenda ya barabara. Haya, hebu mshambulie mpinzani wa namba hiyo.

Na uchaguzi wenyewe ulitakiwa uwe mteremko. Vyama vyote kumi na kimoja vya wilaya vilikuwa mfukoni mwa Pak Hardoyo, mpaka kile chenye makao makuu kwenye banda la kuziba pancha. "Demokrasia yetu imekomaa," Wuryani aliwaandikia waandishi wa habari, na ni kweli ilikuwa imekomaa, maana vyama vyote vilikuwa vinafikiri kitu kimoja kwa wakati mmoja.

"Nikishindwa na yule," Pak Hardoyo alimwambia, "mimi nahama mji. Na wewe urudi kwa mama yako mkauze mboga za pecel."

"Hatutashindwa, Mheshimiwa."

"Mbona unasema huku unaangalia chini?"

Basi Wuryani akafanya kila alilojua. Aligawa mchele kwenye mifuko yenye uso wa Pak Hardoyo. Watu wakala mchele, wakashukuru, na mifuko wakaezekea mabanda ya kuku. Aliandika mtandaoni kwamba Namba Mbili hana uzoefu. Wakamjibu kwamba hata wa kuiba hana. Akaandika kwamba hana sera. Wakajibu kwamba sera za Namba Moja wamezila miaka mitano na tumbo bado linawauma.

"Sasa akishinda atafanya nini ofisini?" alimuuliza dereva mmoja wa bajaji pale stendi.

"Akae tu, dada. Huyu wa sasa kila akiinuka kitini sisi tunapoteza kitu."

Siku ya mdahalo Namba Mbili hakutokea. Pak Hardoyo alizungumza saa mbili nzima, akataja maendeleo mara arobaini, akafuta jasho kwa leso tatu. Kesho yake redio ya wilaya ikauliza wasikilizaji nani alishinda mdahalo. Wakasema Namba Mbili, tena kwa mbali.

Kilichomuuma zaidi Wuryani kilikuwa nyumbani kwao. Alimkuta mama yake uani anaponda karanga za mchuzi wa pecel, na juu ya mlango amebandika namba mbili kubwa aliyoichora kwa mkaa.

"Mama, amekufanyia nini huyo?"

"Hajanifanyia kitu. Ndiyo maana nampa kura. Huyu wako ndiye aliyenifanyia. Alinivunjia kibanda akajenga mnara wa saa."

"Akishindwa, kibarua changu kitaota nyasi."

"Na kibanda changu kiliota nini?"

Taarifa ya kuusifu ule mnara aliiandika Wuryani mwenyewe, kwa mkono wake, na aliweka mpaka neno "fahari". Aliona haya, akachukua pochi yake akaondoka bila kula.

Siku ya kupiga kura alipangwa kuwa wakala kituo cha nne, kando ya geti la Pak Hardoyo mwenyewe. Wapiga kura wa pale walikuwa majirani zake, binamu zake, walinzi wake na wapishi wake. Kila mmoja alipewa karatasi, akaitoboa kwa msumari upande anaoutaka, akaitumbukiza sandukuni. Wakala wa Namba Mbili hakuwepo. Hakuwepo kituo chochote wilaya nzima, na hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Mchana simu zikaanza kuingia. Kituo cha kwanza, tumelala, Namba Mbili kashinda. Cha saba, tumelala. Cha ishirini na moja, mkuu wa kituo aliona aibu kusoma tarakimu. Ilipofika saa kumi wilaya ilikuwa imekwenda, na Wuryani alijua kazi imekwenda nayo. Kilichobaki ni kituo cha nne tu, na Pak Hardoyo akatoka getini kwa kandambili, akasimama nyuma ya kamba pamoja na watu wengine.

"Angalau hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Wuryani, angalau hapa."

Wuryani alimhurumia. Alishangaa kwamba anamhurumia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hesabu ilikwenda bega kwa bega. Mistari ya chaki ikapandana ubaoni, mia moja na tisa kwa mia moja na tisa, na ndani ya sanduku ikabaki karatasi moja. Mpishi wa Pak Hardoyo akawa anaangalia kucha zake. Mke wa Pak Hardoyo akakumbuka ameacha maji jikoni.

Msimamizi akaikunjua karatasi, akaiinua juani kila mtu aone.

"Wakala, sogea uthibitishe."

Wuryani akasogea. Kushoto, chini ya namba moja, Pak Hardoyo alikuwa anatabasamu na meno yake mapya, mzima, bila hata mkwaruzo. Kulia, chini ya namba mbili, mahali ambapo sheria huacha nafasi wazi pale mgombea anapobaki peke yake, msumari ulikuwa umetoboa katikati ya kisanduku cheupe, kitupu, kisicho na picha wala jina la mtu.