Wanja wa Kutoka Eda

Siku Mwatime alipotoka eda ya mumewe, aliyemjia na kichupa cha wanja hakuwa somo wake, yule aliyemfunda. Alikuwa Bi Mgeni, mama mzazi wa huyo marehemu mume, ambaye mwenyewe hakuwa amejipaka wanja tangu msiba.

"Tazama juu, mwanangu."

Kijiti kilipita ukingoni mwa jicho taratibu, kikaacha mstari mwembamba kama unywele. Wanja ulimchoma, machozi yakamlengalenga.

"Mama, watu watasemaje?"

"Watasema mkazamwana wangu mzuri. Lete jicho la pili."

Bi Mgeni alipomaliza, Mwatime alikitwaa kijiti, akakichovya tena.

"Na wewe, mama. Tazama juu."

Bi Mgeni alisita, kisha akainua uso.