Kiganja Chini ya Matangazo

Haki ya Mungu hili ni kweli tupu: ubao wa Mfuko wa Sayansi ulinenepa kama godoro, maana kila tangazo la ruzuku ya utafiti lilibandikwa juu ya lililotangulia. Mbandikaji wa kwanza, marehemu Mbaruku, aliyakandamiza matangazo yake kwa kiganja kilichojaa gundi.

Siku ubao unang'olewa, mjane wake, Bi Mwanahawa, akaja kuyabandua matangazo.

"Mama, nawe unataka ruzuku?" mlinzi akamtania.

"Namtaka mume wangu, baba."

Mlinzi akaleta maji ya kulainisha gundi. Wakabandua utafiti wa mchwa, wa mihogo, wa mvua. Chini kabisa, kwenye tangazo la kwanza, ikatokea alama ya gundi ya kiganja na vidole vitano.

"Taratibu, mama. Karatasi imelowa, ukiigusa alama itafutika."

Bi Mwanahawa akapangusa mkono kwenye kanga, akaunyoosha, ukabaki hewani juu ya alama ile.