Laini ya Mlimani

Meneja aliingia chumba cha kuongozea umeme akiwa amelowa mvua, na Drashti hakukumbuka hata kumwamkia.

"Washa laini ya Uluguru," alisema meneja. "Jenereta ya hospitali ya misheni imezimika. Wana watoto kwenye mashine za kupumulia."

"Mafundi bado wako juu wakiitengeneza, mzee. Hawajibu redio tangu mvua ichanganye."

"Watakuwa wameshamaliza. Wamejikinga mahali."

Labda ilikuwa kweli. Lakini mwaka uliopita wakubwa wawili walitoa amri mbili zilizopingana, fundi akafia kwenye nguzo. Baada ya mazishi kampuni ikaamua kwamba siku ya dharura anayeamuru ni mtu mmoja tu, na hata meneja atamsikiliza. Leo mtu huyo alikuwa Drashti. Kizibao chekundu cha mkuu wa dharura kilimpwaya mabegani.

Meneja alinyoosha mkono kwenye swichi. Drashti akaudaka. Ulikuwa wa baridi.

"Mjukuu wangu yuko kule, mwanangu," alisema meneja kwa sauti ya chini. "Amezaliwa juzi."

Drashti hakuuachia. Aliwaita tena mafundi kwenye redio. Ilikwaruza kidogo, kisha ikanyamaza.

Simu ya mezani ikalia. Akaipokea kwa mkono uliobaki, akasikia sauti ya muuguzi.

"Mnawasha?"

Drashti alifumba macho.

"Hapana, dada," alisema. "Wapeni hewa kwa mpira wa kubonyeza kwa mkono. Siwashi."