Maswali ya Paa

Palikuwa na Paa mmoja asiyeweza kupita jambo bila kuliuliza. Msimu wa kuwinda ulipoanza, wenzake walikimbilia mlimani. Yeye alibaki nyuma kutazama jinsi gobore la mwindaji linavyoshindiliwa baruti na kitambaa, hadi mbwa wa mwindaji akambana kwenye mwamba.

"Tulia hapo, bwana anakuja," Mbwa alisema.

"Nimetulia, kaka. Ila niambie, mbona huniumi?"

"Kazi yangu si kuuma. Mimi nazuia, gobore linapiga. Likishalia tu, nakimbilia kilichoanguka. Tangu utoto wangu sijawahi kuchelewa."

"Hata bwana akipiga kwale?"

"Hata shomoro. Miguu inakwenda yenyewe."

Paa akageukia nyasi alimojificha Kwale, ndege mwoga kuliko wote bondeni. "Dada, umesikia?"

"Nimesikia," Kwale alinong'ona, "na natamani nisingesikia."

Mwindaji akatokea, akamlenga Paa. Kwale akafumba macho, akaruka kwa kelele mbele ya uso wa mwindaji. Mzee wa watu akashtuka, gobore likapiga mawingu, na moshi ukatanda. Mbwa akachomoka mbio kama alivyozoea.

Paa akaondoka zake. Hata hivyo, alipofika juu ya kilima alisimama kidogo, maana alitaka kujua Mbwa ataokota nini.

Mbwa alirudi kwa bwana wake akitikisa mkia, mdomoni ameshika kile kitambaa cha gobore, kimeungua nusu.